Viatu vya Harusi Nilivyojaribu Mimi

Mwaka aliokufa baba nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na shida zikaanza hapo. Juzi nilimsindikiza mjukuu wangu hadi mjini Omurushaka kuchagua viatu vya harusi yake, nikakumbuka alasiri ambayo mama alinipeleka duka la huko huko.

Lilinukia ngozi mpya na mafuta ya taa. Mwenye duka, mzee wa kanzu na kofia, alinivisha viatu vyeupe vya kisigino.

"Haya, tembea bibi harusi!"

"Vinakubana, mwanangu?" mama akauliza.

Nikaanza kulia. Jirani yetu alipofiwa na mume alimwoza bintiye mdogo, nikajua sasa ni zamu yangu.

"Mama, mimi sitaki mume!"

Walicheka mpaka wakashika meza, wala hawakunieleza kitu.

Nyumbani mama alivipeleka chumba cha ndani kwa dada yangu. Kwetu mwali anayesubiri harusi hatoki nje, na mimi nilikuwa na miguu mikubwa kama yake. Nilishukuru Mungu, halafu nikanuna: mbona viatu vimekwenda?

Shule sikuifaidi. Leo nina shamba la kahawa, migomba, ng'ombe, nyumba ya bati, na viatu vyeupe vya kisigino. Hivi nilivijaribu juzi kwa ajili yangu mwenyewe, nikarudi navyo miguuni.