Safari Tatu za Bising Chini ya Maji

Kwa miaka kumi na miwili Visitacion Elumir, ambaye hapa pwani ya Dauin sote tunamwita Bising, hakuingiza hata kidole baharini. Jumapili familia nzima ikienda kuoga, yeye alikaa mbali mchangani na viatu miguuni.

Na huyu ndiye aliyekuwa mwanamke wa kwanza wa hapa kuwaongoza wageni kuzamia na mitungi. Walifanya kazi hiyo yeye na kaka yake, Teopisto, au Pisto, nami nikiwapeleka kwa ngalawa yangu ya mota. Siku moja, mita thelathini chini, mgeni alishikwa na hofu, akang'oa kipumulio mdomoni na kupanda juu kama boya lililokatika. Pisto akamfuata ili amzuie, wakaibuka pamoja. Mgeni alitapika, akapumzika, akarudi kwao. Pisto, kwa kupanda haraka vile, mapovu ya hewa yalimwingia kwenye uti wa mgongo, na kuanzia kiunoni kwenda chini hakusikia kitu tena. Bising alikuwa bado kule chini, amewashika mikono wageni wengine watatu, akitazama mapezi ya miguuni ya kaka yake yakipotea juu. Jioni ile aliniletea vifaa vyake vyote na kuniambia nivichome moto.

Pisto akawekwa kitandani kando ya dirisha. Alichokizungumzia zaidi si miguu yake. Kabla ya ajali alikuwa amepanda taklobo kumi na tisa, yale makombe makubwa ya baharini ambayo mtu mzima hawezi kuyakumbatia yakikomaa. Aliyapata madogo kama kiganja, akayapanga nyuma ya mwamba, mita kumi na mbili chini, akawa anayasafisha kwa mswaki.

Kisha, mwaka wa kumi na moja, kikaja kimbunga cha Desemba kilichong'oa hata minazi. Mwaka uliofuata figo za Pisto zikaanza kugoma, na daktari akasema wazi kwamba hatapona.

"Bising," akasema Pisto asubuhi moja, mimi nikiwapo, "nenda ukanitazamie wanangu."

"Wanao gani? Wewe hata mke hukupata."

"Wale wa chini. Usijifanye hujui."

"Kaka, nina miaka hamsini na moja. Nikivaa suti ya kuzamia nitafanana na nguruwe wa sherehe."

"Samaki watacheka. Waache wacheke. Nenda."

Alikwenda kwa Marivel, ambaye siku hizi anafundisha kuzamia, na ambaye mwalimu wake alikuwa Bising huyuhuyu. Wakaanza kwenye maji ya kifuani, kama wanafunzi wapya. Kuingiza maji kwenye miwani na kuyapuliza nje, jambo ambalo Bising zamani alilifanya huku akimkonyeza mtu, sasa lilimshinda. Mara mbili aliibuka akikohoa, macho mekundu.

"Dada Bising," akasema Marivel, "mimi ulinizomea kwa kosa hilohilo mbele ya wageni."

"Nyamaza kabla sijakupiga na pezi."

Ilimchukua siku nne. Ya tano nikawapeleka kwenye mwamba. Nilikaa ngalawani nikitazama mapovu yao, ya Marivel yakija kwa mpango, ya Bising yakija mengi mengi, kama mtu anayelia. Walipoibuka, Bising alishika ubawa wa ngalawa na hakutaka kupanda.

"Kapteni, hakuna kitu. Mwamba umepasuka katikati. Makombe yamelala wazi, matupu, yameota mwani."

"Yote?"

"Niliyoyaona kumi na moja. Mengine sijui yaliko."

Si mtu wa kusema uongo. Alimwambia kaka yake vilevile alivyoniambia mimi. Pisto akacheka.

"Umepotea. Uliingilia kaskazini."

"Niliingilia kusini, Kaka."

"Kusini gani? Wewe kusini unayoijua ni jikoni."

Wiki iliyofuata akazama tena. Safari hii alifunga gamba moja kwa kamba, tukalivuta watu watatu. Akalipeleka kwa toroli hadi kitandani kwa kaka yake. Pisto akalipapasa ndani na nje, polepole, akipitisha kidole kwenye kila mkunjo.

"Hili la mtu mwingine."

"La nani? Nani mwingine alipanda?"

"Yangu yako mbele zaidi. Rudi."

Nilimvuta Bising nje. "Mwambie umeyaona, mambo yaishe. Uongo wa namna hii hata padri hausikilizi."

"Nikisema yapo, ataniuliza rangi ya kila moja," akajibu. "Nitamjibu nini?"

Safari ya tatu ni mzigo wangu. Bising alikuwa na mafua, na Marivel alikataa katakata: mwenye mafua hazami, masikio hayatafunguka. Bising akanijia mimi siku Marivel alipokwenda mjini. Nilijua kuzama peke yake ni marufuku, nilijua habari ya mafua, na bado nikawasha mota. Aliniambia Pisto hajala tangu juzi. Nilichoka kubishana naye.

Hazikupita dakika kumi. Mapovu yalitawanyika, kisha akaibuka mbali na pale nilipomtarajia, akipiga maji upande mmoja. Nilipomfikia alikuwa anatapika, damu ikimtoka puani na katika sikio la kushoto.

"Kapteni, shika bahari. Inazunguka."

Daktari wa mjini Dumaguete alisema ngoma ya sikio imepasuka vibaya na haitaziba. Sikio lile lisiguswe na maji tena, hata ya kuoga.

Alirudi nyumbani amefungwa kitambaa kichwani. Pisto akamwita karibu na kitanda.

"Ulifika kule mbele?"

"Sikufika."

"Basi."

Hakuyataja tena makombe yake. Wala hakumwambia dadake pole, na Bising hakuonekana kuingoja. Alimlisha uji kijiko kwa kijiko, na Pisto aliposema kitu kutoka upande wa kushoto, Bising hakugeuka, kwa sababu hakusikia. Baada ya siku chache Pisto akaacha kusema.

Alikufa wiki ya pili ya Mei. Tulipotoka makaburini Marivel alikuwa na shada la maua mkononi.

"Dada, twende tukayatupe kule kwenye mwamba wake? Kapteni atatupeleka."

Ilibidi arudie kwa sauti, upande wa kulia.

"Kwa ajili ya nani?" akauliza Bising. "Kule hakuna mtu."

Akayachukua yale maua, akampa mtoto wa jirani ayachezee, tukaenda kuwapakulia waombolezaji wali.