Kenchi za Mninga

"Kaka, mninga ni mbao ya milango," alinionya fundi Shabani, seremala wetu wa Mtendeni. "Kenchi za paa tutumie msindano, gharama ipungue."

Nikamcheka. Mimi mzaliwa wa Tabora, nyumbani kwa mninga, nipaue kwa mbao laini? Nikanunua mninga mtupu, na mtaa mzima nikautangazia. Pesa ya milango ikaishia huko huko, nikatundika khanga. Lakini upepo ukivuma paa langu halitikisiki, hilo nalisema bila aibu.

Juzi mama mkwe alikuja kulala kwetu, auone huo mninga. Nikanyoosha kidole juu kwa madaha. Akaitazama dari nyeupe iliyouficha wote, kisha khanga ikipepea mlangoni pa chumba chake.

"Basi baba," akasema taratibu, "godoro langu nipandishieni huko juu."