Gari moshi lilipofika, Baba hayupo

Ilikuwa Ijumaa, saa nne asubuhi, honi ya gari moshi la kwanza iliposikika Nachingwea. Baba yangu, aliyefyeka pori ili reli hiyo ipite, alikuwa amefariki alfajiri ya siku hiyo hiyo.

Makaburini, wachimbaji waliacha kuchimba, wakanitazama.

"Kaka, tukalitazame mara moja tu. Tutarudi."

"Nendeni," nikasema. "Angekuwepo, angewatangulia."

Wakatimua mbio! Nikabaki peke yangu na kaburi lenye kina cha magoti, nikihofu kwamba hawatarudi, na maziko ni baada ya sala ya Ijumaa.

Walirudi wakihema, wakifuatwa na umati wote wa stesheni. Kila mtu aligombea jembe huku akisimulia moshi na magurudumu. Sijaona tena kaburi likichimbwa kwa furaha kiasi kile.

Tuliporudi kutoka mazikoni, mkunga alikuwa mlangoni, amejiziba mdomo asije akapiga vigelegele kwenye msiba. Mke wangu alikuwa amejifungua mtoto wa kiume asubuhi ile ile, honi ikilia.

"Mwiteni Injini!" akadakia mchimbaji mmoja.

Mama akacheka katikati ya machozi. "Ataitwa jina la babu yake. Gari lako litarudi kesho, kijana. Mwenye jina harudi."

Majirani huhesabu umri wa mwanangu tangu gari moshi lifike. Mimi huhesabu tangu Baba aondoke, na hesabu zetu hazijapishana hata siku moja. Ee Mola, mrehemu mja wako, umwonyeshe huko mazuri kuliko aliyoyakosa asubuhi ile. Amina.