Vibao viwili vilivyookoa maharagwe ya Mama Clare

Ni saa tisa alasiri, na jua la Kayole halimhurumii mtu. Rispa Wandera anapangusa mikono kwenye leso, anageuza uso kando kama anayeogopa kuchungulia, kisha anatumbukiza vidole ndani ya kopo la siagi na kuchomoa punje moja.

Ni nyeusi. Njahi, ile haragwe nyeusi.

"Haya, leo ni vibakuli," anasema, na kuanza kupakua maharagwe yanayofuka moshi kwenye vibakuli vya plastiki vyenye mifuniko, kikombe kimoja kila kibakuli. Punje ingetoka nyekundu, angeyaacha kwenye sufuria na kumpimia kila mteja kwenye chombo alichotoka nacho nyumbani.

Mpita njia asiyemjua anaweza kudhani ni uganga. Kuna jirani aliyewahi kumuuliza waziwazi kama siku hizi anapiga ramli.

"Ramli gani? Haya ni masomo!" anacheka Rispa, ambaye mtaani wanamwita Mama Clare. "Nataka kujua watu wanapenda yafungwe au wapimiwe wakiona. Sitaki kukisia. Kukisia nusura kunipokonye watoto."

Hatii chumvi. Mwaka huu ulipofika Mei, watoto wake wawili, Clare na Sydney, walikuwa wamebakiza muhula mmoja tu waondoke Nairobi.

Kazi ya Rispa ni ya akina mama wengi Eastlands. Huchemsha maharagwe na kuyauza yakiwa yameiva, ili anayetoka kazini jioni akaange kitunguu, atie nyanya, ale alale. Haragwe bichi linataka saa tatu za moto, na ni nani mwenye saa tatu za moto siku hizi?

Alikulia Samia, kaunti ya Busia. Mama yake alipofariki, yeye na ndugu zake waligawanywa kwa jamaa, huyu huku, yule kule. Yeye akaangukia kwa shangazi.

"Hakunitesa, Mungu ambariki," asema. "Lakini kila jioni nilikuwa naangalia njia. Mtoto akilala mbali na mama yake, kuna mahali ndani huwa hapashibi."

Ndiyo maana mumewe, Phares, alipomwambia kwamba shule zikifungwa Agosti watoto waende kuishi kwa nyanya yao Port Victoria na wahamie shule ya huko, Rispa alilia hadi macho yakavimba.

Mgala muue na haki umpe: Phares hakuwa katili. Kiwandani Industrial Area alikokuwa kibarua wa kila siku, alikuwa sasa anaitwa mara mbili kwa wiki, akibahatika mara tatu. Kodi ya chumba ni Sh7,000 na mwenye nyumba hali matumaini. Maharagwe nayo, yaliyokuwa yakitoka vikombe sitini kwa siku, yalikuwa yameshuka hadi ishirini na kitu tangu wachuuzi wengine wawili wafungue kwenye barabara hiyo hiyo.

Wakapatana hivi: biashara ikirudi vikombe hamsini kwa siku kabla ya shule kufungwa, watoto wanabaki. Isiporudi, wanapanda basi.

Hadi hapo Rispa alikuwa muumini wa ile methali ya kizuri chajiuza. Alipika vizuri, akaketi kwenye kigoda chake, akangoja. Lakini methali hiyo haikutungiwa Kayole, ambako kizuri huketi foleni moja na vibaya, na sufuria zote zimefunikwa. Nani atajua?

Dawa aliyoiona upesi ni bei. Kikombe kilikuwa Sh50, akaamua kukishusha hadi Sh40. Alikuwa tayari ameshika chaki alipofika Vivian, msichana wa ghorofa ya juu, ambaye kazi yake mjini ni kutangaza viatu vinavyouzwa mtandaoni.

"Mama Clare, umejuaje shida ni bei?" Vivian akauliza, bakuli mkononi.

"Si watu hawana pesa?"

"Pengine. Pengine pia sio. Ebu pima kwanza."

Akamweleza wanavyofanya ofisini. Tangazo huandikwa mara mbili, kwa maneno tofauti. Nusu ya watu wanapata moja, nusu wanapata jingine, kisha wenyewe wanaangalia lipi limeleta wateja. Lililoshinda linabaki, lililoshindwa linatupwa, hakuna kubishana.

Rispa alilipenda jambo hilo mara moja. Ni rahisi, halina gharama, na kwenye simu yake alikuwa na nambari za wateja wake wote. Karibu wote wanaishi kwenye ploti mbili za kupangisha zinazotazamana, moja ina geti la kijani na nyingine la kahawia. Akawagawa hivyo hivyo. Wa geti la kijani aliwaandikia: "Maharagwe yameiva, karibuni." Wa geti la kahawia akawaandikia: "Usimalize gesi yako jioni hii. Maharagwe yameiva."

Lo! Afadhali angewarushia mawe.

Mgeni hawezi kuliona kosa hapo. Lakini kwenye ploti hizi, gesi kuisha katikati ya mwezi ni siri ya ndani kabisa. Mtungi mtupu hushushwa ngazi ukiwa umeviringishwa leso kama mtoto mgonjwa. Na ujumbe wa simu hauna siri hata kidogo. Wanawake husomeana kwenye kamba ya nguo, huyu anaanika, yule anasoma.

Kabla ya jua kutua, Wacuka wa geti la kahawia alikuwa amesimama mbele ya sufuria, mikono kiunoni.

"Mama Clare, sisi tumekukosea nini?"

"Kwani kuna nini, Mama?"

"Watu wa kijani unawaambia karibuni. Sisi unatuambia tusimalize gesi. Nani amekupa habari za gesi yangu?"

"Aki hakuna mtu! Nilikuwa nafanya majaribio tu."

"Majaribio? Sisi ni panya?"

Kumbe gesi ya Wacuka ilikuwa imeisha asubuhi hiyo hiyo. Leo anakiri bila haya, huku akijifuta machozi ya kicheko. "Mimi nilijua ni Fowsiya wa geti la kijani amenisema. Ndiye peke yake aliyeniona nikishuka na mtungi."

Siku ile hakukuwa na kicheko. Geti zima la kahawia lilisusa. Vikombe ishirini vikawa kumi na tano, na Phares akaanza kuulizia nauli ya basi la Busia.

Jumapili baada ya kanisa, Rispa alipiga moyo konde akaingia ploti zote mbili, mlango kwa mlango. Aliomba radhi, akaeleza kila kitu: kwamba hakumlenga mtu, kwamba alikuwa analinganisha maneno mawili ajue lipi linauza, na kwamba watoto wake wako karibu kuhamishwa. Wanawake wakamwonea huruma. Wakamsamehe. Na hapo ndipo alipoharibu mara ya pili.

Kwani ukiwaambia watu wa Kayole kwamba geti hili linalinganishwa na lile, wanasikia neno moja tu: mashindano.

Fowsiya aliwakusanya wa kijani. Wacuka, mwenye hasira ambayo haijapoa vizuri, akawakusanya wa kahawia. Wiki hiyo sufuria ilikuwa ikikauka kabla ya saa kumi na moja jioni. Mtu mmoja alinunua vikombe vinne na anaishi peke yake. Rispa alimpigia Phares simu kazini akipiga vigelegele.

"Mume wangu aliniuliza kama tumerudi shule ya bweni," asema Fowsiya. "Maharagwe Jumatatu, maharagwe Jumanne, hadi watoto wakagoma."

Wiki iliyofuata hakuna aliyetaka kuliona haragwe hata kwa mbali. Rispa alikaa na sufuria iliyojaa, inzi wakimtembelea zaidi ya wateja. Vivian alipokuja, alicheka kwanza, kisha akamhurumia.

"Mama Clare, hapo umepima makelele. Hujapima maharagwe."

Juni ilikuwa imekwisha. Rispa anakumbuka kwamba usiku huo alimfunika Sydney mara tatu, na mtoto hakuwa amejifunua.

Jaribio la tatu walilipanga polepole, wawili hao, juu ya vigoda. Safari hii hakuna jumbe za simu wala mageti. Kibao tu barabarani, kisomwe na yeyote anayepita, asiweze mtu kusema ameandikiwa yeye. Na kibadilike kitu kimoja peke yake. Bei ibaki pale pale, sufuria ile ile, Rispa yule yule, hata leso ile ile kama inawezekana.

Kibao cha kwanza alikiandika Phares kwa rangi nyekundu, kwa maringo ya mtu aliyewahi kusifiwa mwandiko shuleni: MAHARAGWE MATAMU, BEI NAFUU.

Cha pili kilitoka kichwani mwa Rispa. Kwa miaka alikuwa amesikia swali moja kutoka kwa wateja wapya, wakiuliza kwa sauti ya chini: "Mama, haya hayatanifurisha tumbo?" Halafu kulikuwa na uvumi wa mtaani kwamba wachuuzi wengine huharakisha maharagwe kwa magadi mengi. Yeye huyaloweka usiku kucha na kumwaga maji yale, lakini hakuwahi kufikiri ni jambo la kumwambia mtu. Akaandika: YALILOWEKWA USIKU KUCHA. HAYASUMBUI TUMBO.

"Ebu jameni!" Phares akalalama. "Nani atasimama barabarani kusoma mambo ya tumbo?"

"Tutaona," akajibu mkewe.

Punje za koponi zilizaliwa hapo. Vivian alijua kwamba Rispa, kwa kukipenda kibao chake, angekitoa siku za mshahara, na mwisho wa mwezi hata kibao kitupu kinauza. Kwa hivyo asichague yeye. Nyekundu ikitoka, kibao cha Phares. Nyeusi ikitoka, cha tumbo. Na kila kikombe kilichouzwa, Rispa aliangusha punje moja kavu ndani ya chupa, kila kibao na chupa yake.

Julai nzima ilipita hivyo. Idadi ya siku za kila kibao ilitoka karibu sawa. Mwisho wa mwezi, Rispa aliziandaa chupa zote mbili mezani, akamimina punje kwenye sinia mbele ya mumewe, fungu huku, fungu kule.

Fungu la tumbo lilikaribia kuwa mara mbili ya lile jingine, na siku zake za mwisho zilikuwa zimegusa vikombe hamsini.

Phares alivuta sinia karibu. Akahesabu. Akahesabu tena, safari hii akianzia upande wa pili, labda punje zingeona aibu zipungue. Mwishowe akasema, "Lakini kibao changu kilikuwa kizuri."

"Kilikuwa na rangi nzuri sana, Baba Clare," Rispa akamliwaza.

Kibao cha tumbo kikapewa kazi ya kudumu. Vikombe vikashika hamsini, vikapanda hadi sitini, Ijumaa moja vikafika sabini na tano. Bei ilibaki Sh50.

"Hebu fikiria ningeshusha bei," asema, akitikisa kichwa. "Ningekula hasara kwa ajili ya watu ambao hata hawakuwa wanaogopa bei. Walikuwa wanaogopa tumbo! Na mimi dawa yao nilikuwa nayo miaka yote, nimenyamaza nayo."

Si kwamba anadai amegundua siri ya dunia. Wachuuzi wenzake wawili wangalipo, na mmoja tayari amejiandikia kibao kinachofanana na chake. Biashara haigombi, asema. Yeye anaendelea kupima. Vibakuli vya leo anavijaribu kwa sababu kuna mwenye duka anayetaka kumuuzia vingi kwa jumla, na mwenyewe alikuwa na hakika kwamba watu wa haraka watavipenda. Hadi sasa hawavipendi. Wengi wakiona mfuniko wanashuku kiporo cha jana, wanaomba wapimiwe kutoka kwenye sufuria. Ameshaokoa pesa za vibakuli hivyo, na pesa hizo ana mpango nazo: anataka sufuria ya pili, meza ndogo karibu na stendi ya Spine Road, na Phares nyuma ya meza hiyo siku ambazo kiwanda hakimwiti.

Phares amekubali, kwa sharti kwamba kibao akiandike yeye. Maneno atapewa.

Lakini ukimuuliza Rispa ni siku gani aliyoshusha pumzi, hatataja vikombe. Atataja jioni ile ya sinia, Phares alipoziacha punje, akainua macho na kusema, "Basi watoto wabaki."

"Nilikaa chini," asema. "Sikulia, hata. Nilikuwa mwepesi tu, mwepesi, kama mtu aliyetua mtungi wa maji kichwani akasahau shingo yake inakaaje."

Kazi moja ilibaki, na aliiogopa kuliko zote: kumpigia simu mama mkwe. Mzee yule alikuwa amekwisha kuwatangazia majirani wote Port Victoria kwamba wajukuu wanakuja kuishi naye. Rispa aliahirisha siku nzima. Watoto walipokuwa wamelala, akatoka hadi kwenye ukumbi wa ploti, akapiga.

"Mama, hawatakuja kukaa," akasema haraka, kabla ujasiri haujamtoroka. "Krismasi tutakuja wote wanne kuwasalimu, kisha turudi nao. Mtusamehe."

Rispa aliikaza simu sikioni.

"Wamekula?" nyanya akauliza.

"Wamekula, Mama. Wamelala."

"Wote hapo, au mmoja kwa jamaa kama ulivyogawanywa wewe?"

"Wote hapa, Mama. Kwangu."

"Basi waache hapo hapo," mzee akasema, "na wewe uende ukalale."