Mkono Kizingitini

Sina sababu ya kukudanganya. Sinywi, na siku hiyo nilikuwa nimelala vizuri. Ilikuwa saa nane mchana, jua linawaka juu ya theluji, hapa hapa mjini Hopkins, huku ughaibuni.

Nilikuwa namtunza Mzee Kazimierz, Mpolandi wa miaka tisini na ushee. Ujanani alichimba mahandaki huko Uskoti, yale ya kupitisha maji ya kuzalisha umeme, yeye na Wapolandi wenzake waliokosa pa kurudi baada ya vita. Siku moja alimwomba rafiki yake, Janek, wabadilishane shifti. Maji yakaingia handakini, Janek hakutoka. Sisi wa kazi hizi za kutunza wazee si tunabadilishana shifti kila wiki, tena kwa meseji tu? Lakini mzee hakuwahi kujisamehe. "Nikikutana naye nitamwambia nini?" aliniuliza kila nikimwogesha.

Basi, mlango ukagongwa. Sasa, mlango wa chini wa jengo lile haufunguki mpaka mwenyeji abonyeze kitufe, na sikuwa nimembonyezea mtu. Nikafungua. Kijana, buti zimelowa chapachapa, vumbi la mawe kwenye nyusi. Nami na ukarimu wangu wa Kisii, nikampa mkono pale pale mlangoni: "Karibu, karibu sana!"

Niamini, mkono ule ulikuwa wa baridi isiyo ya mtu hai.

"Si kizingitini!" mzee akapiga kelele kutoka kwenye kiti chake cha magurudumu. "Mwache aingie kwanza! Janek!"

Kumbe kwao ni mkosi kusalimiana kizingiti kikiwa katikati yenu. Ningejuaje? Kijana alimtazama mzee juu ya bega langu, kwa huruma kabisa, akatamka kwa sauti ya chini maneno matatu ya lugha yao. Nilipopepesa macho, kwenye korido hapakuwa na mtu, zulia tu limelowa.

Mzee alilia, nami nikajichukia. Sikuwa na la kumpa ila yale maneno, nikayatamka kwa ulimi wangu wa Kikisii jinsi nilivyoyasikia: "Nye gnyevam she."

Akainua kichwa. "Rudia."

Nikarudia.

"Anasema hajanikasirikia," akanong'ona. "Rudia tena."

Nilirudia mpaka akasinzia. Alifariki wiki ile ile, ametulia.

Kiganja changu cha kulia hakijapata joto hadi leo, hata kiangazi. Daktari anasema ni mishipa, haya. Nawe, mtu akibisha hodi, mwingize ndani kwanza, ndipo umpe mkono. Hujui ni nani humo ndani aliyemngoja maisha yake yote.