Kadama mpya niliyeenda kumpokea airport ya Doha alikuwa mchumba wangu wa zamani

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Najua humu kuna watu kazi yao ni kusema "chai". Chai mkanywe kwenu. Hili limenitokea mimi, na nimebadilisha majina tu. Qatar nimeshaondoka na mhusika yuko salama, ndiyo maana leo naweza kuandika.

Miaka ile airport mpya ya Doha ilikuwa haijafunguliwa. Nilikuwa house driver wa familia moja mtaa wa Al Thumama. Kazi yangu kupeleka watoto shule, kumpeleka mama wa nyumba sokoni, kubeba mitungi ya gesi na kufunga mdomo. Huyo mama nilimwita Madam. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na macho. Kitu hakimpiti.

Siku moja akaniambia twende tukamchukue kadama mpya, yaani dada wa kazi.

"From Tanzania. Muslim, same you. You help me talk."

Nikafurahi, nikajua nimepata wa kupiga naye Kiswahili.

Kadama wakifika airport huwa wanakalishwa chumba kimoja mpaka mwenye nyumba aje asaini. Ofisa akaita, "Aziza!"

Akasimama Neema.

Nikashika ukuta nikajifanya nafunga kamba ya kiatu, na siku hiyo nilikuwa nimevaa ndala.

Niwaeleze. Neema ni wa Korogwe, tulichumbiana miaka mitatu. Baba yake mzee wa kanisa, mama yangu anafundisha madrasa. Mama akasema posa haiendi mpaka binti asilimu na abadili jina. Neema akagoma. Mimi je? Nilinyamaza. Sikumtetea hata kwa neno moja. Nikaacha kupokea simu zake mpaka akachoka kupiga.

Sasa yupo mbele yangu ndani ya baibui, na pasipoti inasema Aziza. Agent wake alimtengenezea hivyo kwa kuwa familia nyingi zinataka kadama Muislamu. Jina la Kiislamu alilogoma kulibeba kwa ajili yangu, kalibeba kwa ajili ya mama yake aliyekuwa hoi hospitali. Hilo la mama yake nililijua baadaye.

Aliniona. Akainamisha kichwa. Ndani ya gari hakuna aliyefungua mdomo mpaka tunafika.

Pasipoti ya jina la uongo ni polisi, ni jela, halafu anarudishwa nyumbani mikono mitupu. Na mimi niliyejua nikakaa kimya, naingia humo humo.

Kosa nililifanya mimi, tena siku ile ile.

Madam akampakulia chakula jikoni kwa mkono wake, wali wenye kamba wa baharini. Mimi nilikuwa mlangoni naingiza maboksi ya maji. Neema alikuwa na njaa ya safari, hakuangalia, akapeleka kijiko mdomoni.

Nikapiga kelele. "No, Madam! She can't eat that!"

Enzi za uchumba nilimpeleka Tanga mjini tukala kamba. Uso ulimvimba, pumzi ikakata, tukashinda hospitali. Mimi ndiye niliyemlisha, siwezi kusahau.

Madam akaweka sahani chini. "How you know?"

"She told me in the car, Madam."

Madam alikuwa kwenye gari lile lile. Alijua hatukusema kitu.

Akanitazama, akasema "Okay", akamletea kuku. Bora angenitukana. Siku kumi zilizofuata nililala kwa mafungu. Geti likigongwa, najua ni polisi. Na Neema tuliongea mara tatu tu, dirishani, haraka haraka. Kila mara aliniambia kitu kimoja: "Usiniharibie."

Siku ya kumi na moja, alasiri, niko sebuleni juu ya ngazi nabadilisha taa. Madam anaangalia tamthilia yake ya Kijapani, ugonjwa wake huo, na Neema kakaa kwenye zulia anakunja nguo. Madam alikuwa na tabia ya kumsimulia.

"Before, they love. Now he has wife, she has husband."

Kwenye TV hao wapenzi wa zamani wamekutana kwenye mgahawa wa tambi, mume wa yule dada kakaa pembeni. Supu ikaletwa. Yule mwanamume, bila kufikiri, akachukua vijiti akaanza kumtolea majani ya vitunguu kwenye bakuli lake, moja moja. Halafu mkono ukaganda hewani. Mume anamwangalia.

Neema aliacha kukunja nguo.

Madam akazima TV. Akamtazama Neema, akanitazama mimi juu ya ngazi.

"Come down."

Nilishuka sijui nilishukaje. Akasema hataita polisi nikisema ukweli.

"Your wife?"

"No, Madam. Before, we want to marry. Not possible."

"Why? Both Muslim. Same country. Why?"

Wakuu, swali hilo! Nikisema dini, Neema kaisha. Neema alikuwa ameshika shati la mtoto kalikunja kama anataka kulikamua.

"Because of me," nikasema. "She did nothing wrong, Madam. I was afraid of my mother, and I left her."

Nilikuwa natafuta uongo. Maneno yakatoka, nikagundua sijadanganya.

Madam akaweka rimoti mezani. Kisha akasema nyumba moja haiwezi kuwa na watu kama sisi. Mmoja aondoke. Nikasema ni mimi, kabla hajachagua.

Kesho yake asubuhi nikahamishiwa kwa kaka yake, Industrial Area, kuendesha basi la vibarua. Chumba kimoja watu wanane. Sikujali.

Nikitoka getini na begi langu, Madam kasimama, Neema nyuma yake. Neema akasema kwa Kiswahili, taratibu, hanitazami:

"Safari hii umenitetea."

Madam akaniuliza, "What she say?"

"She say safe journey, Madam."

Nilisikia kwa watu wa Korogwe kuwa Neema alimaliza mkataba wake pale, mama yake akapona. Hatukuonana tena.

Nilichojifunza: ukimnyamazia mtu siku anayokuhitaji, siku ya kumsemea itakuja nyumbani kwa watu, na utakuwa unatetemeka.

Kama kuna mdau aliyeiona tamthilia hiyo, najua wapo humu, msiniambie iliishaje. Mengine yote karibuni, hata mawe rusheni.