Sofa, Kochi na Setii za Mkwe Wangu

Viti vya mji huu, vingi nimevichonga mimi. Nilitoka Makunduchi na msumeno wa kuazima, madarasa mawili ya skuli na juzuu chache za chuo cha Kurani, na leo wenye vyeti wao wanakuja dukani kwangu Darajani kunibembeleza niwaharakishie kazi. Sisemi haya kwa kujisifu. Nasema kwa sababu ni kweli.

Katika miaka ya hamsini, nikiwa bado kijana, nilimtaka binti wa karani mmoja wa Mkunazini. Nikampeleka ami yangu kuposa. Alirudi kachoka kama aliyetwishwa gunia la mbata.

"Wamekubali?" nikamuuliza.

"Wamekubali, kwa sharti. Mahari hawana neno. Lakini chumba cha wageni karani anataka utie sofa, kochi na setii. Vyote vitatu. Kikikosekana kimoja, binti anapewa yule kijana wa forodhani."

"Setii ndiyo ipi, ami?"

"Mimi nnalima muhogo, wewe ndiye seremala, halafu waniuliza mimi?"

Yule wa forodhani nikimjua. Suruali yake ilipigwa pasi hata ungeweza kukatia mkate, na msumari hajapata kugongomea maishani mwake. Nikakataa kushindwa na mtu kama yule.

Sharti lenyewe lilitokana na chai. Karani aliwahi kualikwa mara moja nyumbani kwa mkubwa wake Mwingereza, na tangu siku ile akinyanyua kikombe, kidole kimoja kinabaki kimesimama. Huko ndiko alikoyasikia maneno hayo matatu, akarudi nayo kwa fahari kama hujaji na maji ya zamzam.

Kila alasiri alikaa na wenzake watatu kwenye baraza ya mawe nje ya nyumba yake, wakinywa kahawa: mkuu wa makarani wa ofisini kwake, mwalimu wa skuli na mgawa dawa wa hospitali. Nikamvizia kila mmoja njiani peke yake. Mkuu wa makarani akanambia kochi lina upande mmoja ulionyanyuka, wa kulazia kichwa. Mwalimu akasema setii ina mgongo uliosimama na mikono miwili, ya watu wenye adabu. Mgawa dawa akasema sofa ni ile laini, ukikaa unazama. Na kila mmoja alinihakikishia kuwa wale wawili Kiingereza hawakijui.

Hapo akili yangu, ambayo hakuna mwalimu wa kujidai kaifunza, ikafanya kazi. Nikachonga kitu kimoja cha mvule: mgongo umesimama, mikono miwili, upande mmoja umenyanyuka. Nikakijaza usumba wa nazi mpaka mtu anazama, nikakivisha mahameli nyekundu. Alasiri nikakipakia kwenye gari la hamali, nikampitisha makusudi mbele ya baraza ya karani. Kile kichochoro kikaziba. Mbele hakupitiki, nyuma hakupitiki.

"Shikamoo, baba. Nimeleta."

"Marahaba. Umeleta kipi?"

"Kochi hilo!" mkuu wa makarani akadakia. "Tena kochi hasa."

"Kochi wapi, bwana?" mwalimu akasema. "Huoni mgongo? Setii hiyo."

"Nyinyi mlisomea wapi?" mgawa dawa akabonyeza mahameli kwa kidole. "Sofa!"

Watu wakajaa pande zote mbili. Muuza samaki akapiga kelele, "Ondoeni kitanda chenu tupite, samaki wanaoza!"

Karani akanitazama. "Nnaona kitu kimoja tu mimi."

"Baba, mabwana hawa ni wasomi. Mmoja kaona kochi, mmoja setii, mmoja sofa. Basi vimetimia. Kama havijatimia, nambie yupi kati yao aliyekosea."

Jasho likamtoka. Mkuu wa makarani ndiye bwana wake ofisini. Mwalimu anawasomesha wanawe. Na mgawa dawa ndiye anayemwekea dawa yake ya pumu.

Mara sauti ya mkewe ikatoka nyuma ya mlango:

"Nyinyi huko barazani! Mwanangu ataolewa na mtu au na maneno ya Kizungu? Wapisheni watu njia!"

Watu wakacheka, muuza samaki zaidi ya wote. Karani akakohoa, akatengeneza kofia yake.

"Mwambie ami yako aje kesho," akasema. "Aje na shehe."

Tulioana mwezi wa Mfungo Tatu. Yule wa forodhani alikuja harusini, akala biriani vizuri sana. Na mkwe wangu alijikalisha peke yake katikati ya mahameli, hakumpa mtu nafasi. Kila mgeni aliyemuuliza hicho alichokalia kinaitwaje, alijibu kwa Kiswahili:

"Pa kukaa. Kachonga mkwe wangu."